Mfano Hauliwi: Draya ya Tongaren

Nyinyi mliobaki karakanani mmenisumbua tangu siku ya kuniaga. "Madam Saumu, andika. Madam, mambo haya yatapotea." Hayatapotea, kwa sababu nayasimulia kila siku mezani na mume wangu ameyakariri. Lakini nimeona ni haki nanyi mpate nafasi yenu ya kuchoshwa. Vyeo nilivyopanda nimeviacha. Viko kwenye faili, na nina hakika panya wa ofisini wanavijua vizuri kuliko mimi. Nitawaambia kuhusu kazi.

Mimi ni mtoto wa Kitale mjini, nyumba za nyuma ya msikiti, baba fundi wa cherehani. Nilipoajiriwa kufundisha uhandisi wa mitambo katika chuo chetu cha ufundi, nilifika mapema nikiwa nimepiga pasi hijabu na dastikoti, nikitarajia kelele. Karakana ilikuwa kimya kama darasa la hesabu. Mashine za kukereza zilisimama kwa safu, kila moja imefunikwa turubai na kufungwa kamba. Wanafunzi walikaa kwenye viti wakinakili mchoro wa mashine ileile iliyokuwa hatua chache kutoka kwao.

"Mbona zimefunikwa?" nilimuuliza mkuu wa karakana.

"Zisiharibike," akasema. "Ndivyo nilivyozikuta. Nimepigana na wakubwa wa chuo mwaka mzima. Sasa tumekuwa wawili, si ndio?"

Huyo alikuwa Mzee Karanja. Wazazi wake walitoka Kenya ya kati wakaja Trans-Nzoia kulima, na yeye peke yake katika familia alikataa jembe akachagua nyundo. Alivaa tai kila siku, ncha yake ameichomeka ndani ya shati katikati ya vifungo isije ikanaswa na mashine. Alinipa kipande cha chuma na tupa, akanionyesha jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, iliyokuwa karibu na dirisha, akaniambia nikifanye mraba. Nilikisugua hadi jioni. Viganja vilitoka malengelenge. Akakichukua, akakiweka juu ya kipimo cha pembe, akakiinua dirishani.

"Unaona mwanga unapita hapo chini? Kesho jaribu kuuzuia."

Nilirudi nyumbani nimekasirika na nimefurahi, na mpaka leo sijui ni kipi kilichozidi. Ninachojua ni kwamba sikulala vizuri kwa hamu ya kuona kumepambazuka.

Turubai tulizifungua mimi naye, mwanzo wa muhula uliofuata, kabla mkuu wa chuo hajarudi kutoka likizo. Mashine mbili zilikuwa zimeota kutu mahali pa kushikia. Yaani zilikuwa zimetunzwa mpaka zikaharibika. Tulizisafisha pamoja na wanafunzi, tukazipaka mafuta, tukaziwasha, na mkuu aliporudi akakuta kelele imeshaanza. Kelele ya aina hiyo ni ngumu kuinyamazisha. Alisimama mlangoni, akatazama vumbi la chuma kwenye sakafu yake safi, akaenda zake.

Jambo moja nililojifunza kwa Mzee Karanja nalitumia mpaka leo. Mwanafunzi akishika kazi, yeye alikuwa anasimama kando yake, mikono nyuma, kiganja kimoja kimeshika kifundo cha mkono wa pili. Nilidhani ni mtindo wa wazee. Siku moja nilimpokonya kijana kekee kwa sababu alikuwa anatoboa upande. Mzee akanivuta pembeni.

"Saumu, ukimpokonya, nani amejifunza?"

"Angeharibu chuma, Mzee."

"Chuma kiko kingi. Mimi nafunga mikono hii kwa sababu naijua tabia yake. Inawasha!"

Aliye na ujuzi mikono humuwasha, wenzangu. Huo ndio ugonjwa wa kazi yetu, na dawa yake ni hiyo tu ya kuifunga.

Baadaye nilipewa kazi ya kuzungukia wanafunzi walio kwenye mafunzo ya nje, atachimenti kama wote tunavyosema. Nilizunguka Kitale, Webuye, Bungoma, nikiingia gereji na viwanda. Siku moja Bungoma nilimkuta kijana wetu mwenye akili sana, amevaa ovaroli jeupe pe, halina hata tone la oili. Mkononi ana birika.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Chai, Madam."

"Na kabla ya chai?"

"Mandazi."

Nilimfuata msimamizi wa gereji nikiwa nimejiandaa kwa vita. Alikuwa mtu mpole, akanipa kiti. "Madam, gari ya mteja si ya kujifunzia," akasema. "Mteja akirudi breki hazishiki, atakuja kwako ama kwangu?" Alisema kweli, na nilichukia kwamba alisema kweli. Njia nzima ya kurudi Kitale nilikuwa nikiwaza: wanafunzi wetu wanahitaji kazi ambayo mwenyewe anajua kuwa wanaoifanya ni wanafunzi, na bado anahitaji kikwelikweli ifanikiwe.

Ikaja yenyewe. Mwanamume mmoja wa Saboti alituletea mashine ya kusaga posho iliyokuwa ikitetemeka hadi mikebe inaanguka kutoka rafu ya jirani. Alikuwa ameshaipeleka kwa mafundi wengine akachoka. Nikamwambia waziwazi, "Wataifungua wanafunzi. Itachukua muda. Nitasimama hapo." Akakuna kichwa, akasema hata ikifa, ilikuwa imeshaanza kufa. Darasa zima liliizunguka. Waliifungua, wakakuta shafti imepinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni mpaka uizungushe. Wakakereza nyingine. Siku mwenyewe aliporudi tukaiwasha, akaweka kikombe cha chai juu yake, na chai haikumwagika. Vijana walipiga kelele hadi walimu wa uhasibu wakachungulia madirishani. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuwauliza wanafunzi kama wameelewa. Ukiwatazama nyuso unajua.

Mzee Karanja alistaafu, akaenda kwenye shamba alilolikwepa ujana wake wote, na mimi nikabaki na funguo za karakana. Sasa niwaambie kuhusu draya, ile mashine ya kukausha mahindi, maana najua ndiyo mnayoisubiri, na wengine wenu mmeisikia ikiwa imeongezwa chumvi. Chumvi imo kweli, mtaiona mbele.

Kila kundi la mwaka wa mwisho hutengeneza mradi wa mtihani. Kwa miaka mingi miradi hiyo ilikuwa vitu vidogo vya kupendeza vya kuwekwa mezani, wasahihishaji wanapita, wanatikisa vichwa, na mwezi mmoja baadaye vinatupwa nyuma ya stoo. Mwaka huo kundi moja liliunda mfano wa mashine ya kukausha mahindi, mkubwa kama sanduku la viatu. Kiongozi wao alikuwa Chebet, msichana wa upande wa Mlima Elgon, mwenye sauti ndogo na maswali makubwa. Mwenzake wa karibu alikuwa Wafula wa Bungoma, bingwa wa hesabu, ambaye alikuwa na jibu kabla hujamaliza kuuliza.

Siku ya wageni chuoni akaja Mama Nasimiyu, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima wa Tongaren. Alikuwa ameleta mashine yao ya kupukuchua irekebishwe, akapitia kwenye maonyesho kwa sababu kulikuwa na kivuli. Akasimama mbele ya kile kisanduku.

"Hii inakausha nini?"

"Mahindi, mama," Chebet akasema.

"Mahindi gani? Mkebe mmoja wa gorogoro?"

"Ni mfano tu, mama."

Mama Nasimiyu akakiinua kile kisanduku, akakichungulia chini, akakirudisha taratibu. "Mwanangu, mfano hauriwi. Sisi kule mahindi yetu yanaoza, na si mfano."

Akaeleza. Mvua siku hizi haijui kalenda. Wanavuna inanyesha, wanaanika inanyesha, wanafunika turubai na yanachemka huko ndani. Mwaka uliopita wanunuzi walitia mkono kwenye magunia yao, wakanusa ukungu, wakaondoka. Ukungu ule una sumu. Hata ng'ombe hawakupewa. Mavuno ya mwaka huu yalikuwa njiani, na mawingu nayo pia.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Chebet ananisubiri mlangoni mwa ofisi, Wafula nyuma yake.

"Madam, tunataka kutengeneza ya ukweli."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa ya Mama Nasimiyu."

Ningeweza kuwaambia muda hautoshi, maana haukutosha. Badala yake moyo wangu uliruka kama wa msichana. Tulikwenda wote kwa mkuu wa chuo. Yeye alikuwa mtu mwangalifu, na akatupa sharti lililo wazi: kama draya haitafanya kazi kabla ya mtihani, kundi halina mradi, na asiye na mradi hurudia mwaka. "Mmeelewa?" akauliza. Wafula akanitazama, Chebet akamtazama mkuu. "Tumeelewa, sir," akasema yule mwenye sauti ndogo.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Karakana haikufungwa saa za chakula. Walikata vyuma, wakachomelea fremu, wakatoboa bati zima matundu madogo hadi kekee ikawa moto. Mpango ulikuwa hivi: chini kuna chumba cha hewa, juu yake lile bati lenye matundu, juu ya bati mahindi. Kando kuna pipa linalochoma magunzi, na feni inayovuta hewa kuzunguka pipa hilo na kuisukuma chini ya mahindi, bila moshi kugusa chakula. Injini ndogo ya dizeli ilizungusha feni kwa mkanda. Wafula alipiga hesabu za hewa na joto ukutani kwa chaki, akafuta, akapiga tena. Chebet alichomelea mpaka tukamfahamu kwa mgongo tu, maana uso ulikuwa ndani ya kofia ya chuma kutwa nzima.

Tukaipakia kwenye lori la chuo tukaenda Tongaren. Uwanja wa Mama Nasimiyu ulikuwa umejaa. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekuja wote, wamefunga leso viunoni, na nyuma yao kilima cha mahindi mabichi chini ya turubai, mvuke ukitoka kwenye mikunjo. Nilitia mkono ndani nikautoa haraka. Yalikuwa yamepata joto. Punje chache zilikuwa zimeanza kuchipua.

Wakamwaga mahindi ndani ya draya. Magunzi yakashika moto. Wafula akavuta kamba ya injini, feni ikanguruma, vigelegele vikapigwa, na mtu fulani akaanza wimbo. Mimi nilicheza, nakiri. Kwa umri wangu na kwa hadhi yangu, nilicheza.

Kama saa mbili hivi baadaye tukasikia harufu. Harufu nzuri sana, ya bisi. Chebet akapanda juu ya fremu, akachimba kwa mikono upande wa mwisho, ule ulio mbali na feni. Chini kabisa punje zilikuwa za kahawia. Akachimba upande wa karibu na feni. Mahindi yalikuwa baridi na maji kama yalivyoingia.

Mume wa Mama Nasimiyu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chini ya paa la ghala, akasema kwa sauti, "Si mngesema bana ni mahindi ya kuchoma? Tungeleta chumvi na ndimu."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu kule mlimani wingu lilikuwa limeshasimama. Mama Nasimiyu hakucheka hata kidogo. Aliitazama turubai yake.

Wafula alizima injini. "Hesabu ziko sawa, Madam. Naapa ziko sawa. Hata kama ingeungua, si ingeungua huku karibu na moto? Mbona iungue kule mwisho?"

Nilikuwa na wazo. Sikuwa na hakika, lakini nilikuwa nalo, na lilikuwa limenikaa kwenye ncha ya ulimi. Nikafunga mikono nyuma, nikashika kifundo changu kwa nguvu. Wenzangu, sijawahi kufanya jambo gumu kama kunyamaza pale, mbele ya wanawake wale, na wingu lile likija.

"Usiapie hesabu," nikamwambia. "Ingiza mkono. Wote ingizeni mikono. Joto liko wapi na baridi iko wapi?"

Wakaingiza mikono hadi mabegani, wakiitana. Hapa moto! Hapa baridi! Hapa vuguvugu! Chebet alisimama ghafla, mahindi yamemganda kwenye sweta.

"Hewa siioni," akasema. "Nikiiona nitajua. Madam, tuitie moshi."

Mahindi ya juu waliyaondoa yakarudi kwenye turubai. Ikabaki safu ya chini, ambayo nusu yake ilikuwa imeshakula moto na haingeuzwa kwa vyovyote. Chebet akachukua gunzi bichi, akaliwasha likatoa moshi mzito, akalishika mbele ya mdomo wa feni. Wafula akawasha injini. Tukasubiri. Karibu na feni hakukutoka kitu. Katikati, nyuzi chache. Kisha kule mwisho kabisa, ukutani, moshi ukapanda wote kwa pamoja kama nywele za mtu aliyeshtuka.

"Inapita mbio!" Chebet akapiga kelele, na ile sauti ndogo sikuisikia tena tangu siku hiyo. "Wafula, inapita mbio chini ya bati, haina haja na matundu ya hapa! Inaenda kugonga ukuta, inakosa njia, ndio inapanda!"

Wafula alisimama mdomo wazi. Halafu akacheka, akajipiga kipaji cha uso. "Nilipiga hesabu kama hewa imetulia. Kumbe inakimbia! Chumba kikipungua polepole kuelekea mwisho, kila tundu litapata haki yake. Sakafu ya chini tuilaze mshazari!"

"Tuilaze kwa kutumia nini?" Chebet akauliza. "Bati liko Kitale."

Mama Nasimiyu alikuwa amesikia. Akageuka, akaangalia banda lake la kuku la zamani, lililokuwa halina kuku. "Bati hilo hapo," akasema. "Ng'oeni."

Hapo ndipo uwanja ule ulipogeuka karakana. Wanafunzi waling'oa mabati ya banda, wakayakata, wakayalaza mshazari ndani ya chumba cha hewa, chini upande wa feni, juu upande wa mwisho. Hatukuwa na umeme wa kuchomelea, kwa hiyo walitoboa na kufunga kwa boliti. Kila mahali palibaki nyufa. Wanawake waliziona, wakacheka, wakaenda wakarudi na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi, ule wanaokandika nao kuta, wakaziba kila ufa kwa viganja huku wakiimba. Wafula akakata mlango mdogo kando ya feni wa kuingizia hewa baridi, ili moto wa magunzi ukizidi tuupunguze. Mume wa Mama Nasimiyu aliacha kigoda chake. Alisema anakuja kuangalia tu, na dakika chache baadaye alikuwa ameshika koleo.

Giza liliingia tukaisukuma draya chini ya paa la ghala tukaacha, na mvua ikanyesha. Tulilala kwa majirani. Alfajiri baada ya sala nilitoka nje nikamkuta Chebet ameshafika, anagusa udongo kwenye nyufa kuona kama umekauka.

Safari hii walimwaga mahindi kwa safu nyembamba zaidi, na wanawake wawili wakapewa reki za kuyageuza. Moto ukawashwa mdogo. Kila baada ya muda mtu aliingiza mkono, kila mara akisema, "Vuguvugu," na kule mwisho, "Vuguvugu," na katikati, "Vuguvugu pia." Hakuna neno lililowahi kunifurahisha kama hilo.

Alasiri tukapima. Hatukuwa na kipimo cha unyevu, lakini kuna njia ya chupa, na ikiwa hamuijui ijueni leo. Chukua chupa ya soda iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu, tia punje za mahindi, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini, yamekauka. Chebet akaitikisa. Wanawake wakasogea. Hata kuku wa jirani waliokuja kudonoa walinyamaza, ama mimi ndiye niliyeacha kuwasikia. Akaiinua chupa kwenye mwanga.

Chumvi yote ilikuwa chini. Kioo kilikuwa safi.

Sitaeleza kelele iliyofuata. Wafula alibebwa. Mama Nasimiyu alichukua punje, akaiweka kati ya meno, ikalia *ka!* Akanitazama, akanishika mikono yote miwili. "Mwarimu, funika haraka, mvua inakuja. Tieni mengine!"

Walitia mengine. Walikausha kilima kile chote, mvua ikinyesha juu ya paa la ghala na moto ukiwaka chini yake, na wanunuzi walipokuja na kutia mikono kwenye magunia, waliitoa mikavu.

Mnadhani hadithi imeisha. Mkuu wa chuo alituma lori kuirudisha draya Kitale, kwa ajili ya mtihani. Lori likarudi tupu. Dereva akasema, "Madam, wale mama wameikalia."

"Wameikalia vipi?"

"Wameikalia. Wameketi juu yake. Wanasema iko na kazi."

Nilipiga simu. Mama Nasimiyu alinieleza kwa upole kwamba majirani nao wameanza kuleta mahindi yao, foleni ya mikokoteni ya punda imefika barabarani, na kama kuna mtu anataka kuisahihisha mashine, "karibu sana, tutampikia." Ikabidi wasahihishaji wapande gari waende Tongaren. Mkuu alikuwa kwenye kiti cha mbele.

Msahihishaji mkuu alikuwa mwanamume mnene, mtaratibu, mwenye miwani na mchoro wa wanafunzi umekunjwa kwapani. Aliukunjua juu ya gunia. Draya ilikuwa inanguruma nyuma yake, mvuke unapanda, wanawake wanageuza mahindi.

"Mchoro wenu unaonyesha sakafu tambarare," akasema. "Hii imelala. Kwa nini?"

Chebet akasogea mbele.

"Huo ni mchoro wa kabla hatujaunguza mahindi, sir."

Yule bwana akaivua miwani. "Mliunguza?"

"Sana, sir. Kule mwisho. Nikuonyeshe?"

Akamwonyesha. Akachukua gunzi bichi akaliwasha, akamfanya yule bwana ainame mbele ya mdomo wa feni na kulishika yeye mwenyewe, na sasa moshi ulipanda juu ya mahindi yote sawasawa, kama ukungu wa asubuhi juu ya shamba. Akachora mchoro mpya palepale, kwa mkaa, nyuma ya ule wa zamani. Yule bwana aliuliza, Wafula akajibu, akauliza tena, wote watatu wakaingia chini ya fremu kwa magoti, zikaonekana nyayo tu. Mimi nilikuwa nimesimama na mkuu wa chuo. Kutoka kwenye foleni kijana wa mkokoteni alipaza sauti:

"Wazee, mtihani unaisha saa ngapi? Mahindi yangu yanaota!"

Kutoka chini ya draya sauti ya msahihishaji ikajibu, "Bado! Nina swali moja!" Alikuwa na maswali mengi zaidi ya hilo. Alipotoka, suruali yake ilikuwa na udongo magotini na alikuwa anatabasamu kama mtoto. Mkuu wa chuo akanigeukia. "Mwaka ujao," akasema, "miradi yote iwe na mtu wa nje anayeisubiri." Akaenda kunawa mikono, maana chakula kilikuwa tayari.

Chebet na Wafula walifaulu. Leo wana karakana yao Bungoma, na wanapokea wanafunzi wetu wa atachimenti, ambao hawajawahi kuniletea malalamiko ya birika.

Juzi nilikuwa sebuleni, mstaafu halisi, miguu juu ya stuli, simu ikalia. Alikuwa Chebet. Nyuma yake kulikuwa na kelele za vyuma na watu wanaobishana.

"Madam, uko bize?"

"Nimestaafu, Chebet."

"Kuna mkulima ametuletea mashine ya kumenya kahawa. Inatoa nusu nzima nzima na nusu unga. Tumeifungua mara mbili. Wanafunzi wanasema hivi, mimi nasema vile, na Wafula amejaza ukuta chaki. Hatujui!"

Alilisema "hatujui" kwa furaha ambayo watu wengine huitumia kutangaza harusi.

"Msiifunge," nikamwambia. "Nakuja."

Mume wangu aliuliza nitarudi saa ngapi. Nilikuwa nimeshafika kwenye geti.